Jino Langu la Kusomeshea

Mimi shule ya serikali niliishia darasa la pili. La tatu sikuliona hata mlango wake. Lakini chuo cha Kur'ani nilihitimu, na kwa hicho chuo ndipo nilipopata kazi ya maisha yangu: kuwasomesha watoto wadogo herufi za Kur'ani, hapa hapa kwangu Mambrui, ukumbini, juu ya mikeka, kila siku baada ya sala ya alasiri isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu. Wengine sasa wana ndevu, na wakinipita njiani huficha sigara.

Sasa nataka niwahadithie habari ya jino langu. Msicheke. Ni jino la mbele, la juu, upande wa kulia. Mtu asiyesomesha ataona jino ni jino tu, likitoka limetoka. Lakini kuna herufi tatu, thee na dhali na dhaa, hazisomeki kwa koo wala kwa midomo. Ncha ya ulimi lazima iguse ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na pumzi ipite pale katikati. Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Umeona? Haya, liondoe jino moja. Pumzi itashikwa na nani? Itapita yote kama upepo kwenye dirisha lisilo ubao.

Na hili silibuni. Mwalimu aliyenisomesha mimi, Mungu amrehemu, alikuwa bibi mwenye elimu kunishinda mara kumi, lakini uzeeni meno ya mbele yalimtoka yote. Sisi wa mwanzo tuliyawahi meno yake. Waliokuja nyuma yetu walikuta ufizi. Ukienda kwenye khitma leo, ukawasikiliza watu wa umri wangu wakisoma, utawajua tu: huyu alisoma kabla, huyu alisoma baada. Wa baada kila thee yao hutoka sii. Mtoto hushika alichosikia, kisha naye akawasomesha wanawe vile vile. Meno yamemtoka mtu mmoja, ukibogoyo ukaenea mtaa mzima.

Kwa hivyo zamani nilijiwekea nadhiri. Siku jino langu la mbele likitoka, siku hiyo hiyo nakunja mikeka. Sitamtia mtoto wa mtu kosa langu kinywani.

Jino lenyewe lilianza kuumia kwa sababu ya mapenzi. Idi moja, miaka mingi nyuma, niliinama nimbusu mjukuu wangu, naye akaruka kwa furaha, utosi wake ukanipiga hapa mbele, paa! Nikaona nyota mchana. Jino likalegea, kisha likashika tena, nikasahau. Mjukuu mwenyewe sasa yuko chuo kikuu. Lakini jino, mwaka hata mwaka, likaanza kugeuka rangi, likawa kama chai ya maziwa, halafu chai kavu. Halikuniuma, sikulijali. Mpaka mwaka huu, asubuhi moja naamka, mdomo wa juu umefura kama andazi, na juu ya jino, kwenye ufizi, pana kijipu kinatoa usaha.

Nikasukutua maji ya chumvi. Nikachemsha majani ya mpera. Nikabana karafuu, ikanichoma ufizi, maumivu yakawa mawili badala ya moja. Binti yangu, huyu ninayekaa naye, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama, jino moja hilo. Likang'olewe Malindi, upumzike."

"Nikipumzika nitafanya nini?"

"Utakula, utalala, kama watu wengine."

"Na watoto wa watu?"

"Nitawasomesha mimi."

Binti yangu namjua. Ana mapenzi na watoto lakini hana subira na herufi. Kwake yeye wakimaliza haraka ndiyo wamesoma. Nikamwambia, "Shika darasa mpaka nipone, lakini nasikia. Waimbe alifu, bee, tee, halafu warudi nyuma. Thee ni yangu mimi."

"Mama, watarudi nyuma mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuja."

Jirani yangu akaingia na mahamri, kama kawaida yake kuingia bila hodi. Huyu ni shoga yangu tangu hatujaota meno ya pili, na sasa ya pili yenyewe hana, amevaa ya bandia. Akasema, "Ling'oe, utie kama langu. Mimi mbona nala mpaka mahamri ya jana?"

"Kula si kazi. Hebu sema dhali."

"Dha..." Sahani ya meno ikaachia juu, ikamshukia ulimini, akaidaka kwa ncha ya leso. Wallahi tulicheka mpaka binti yangu akaja kuona kuna nini. Nisiwe mwongo, wapo waliotengenezewa yakawakaa vyema, wanasoma na kusoma. Lakini mimi nilichokiona ni kile cha shoga yangu, kikinitazama kutoka kwenye leso.

Alipokwisha kuyarudisha mahala pake akasema, "Basi sikiliza. Hawa madaktari wa meno wa kawaida kazi yao ni kung'oa. Usipoteze siku. Nenda moja kwa moja kwa mtaalamu. Mjukuu wangu alipelekwa kwa mtaalamu Mombasa, meno yake leo yamepangika kama lulu."

Mtaalamu! Neno lenyewe likaniingia. Sisi watu wa huku tuna maradhi hayo. Ukiwa na jambo hutaki kusema na karani, wataka mwenye ofisi. Ukiumwa hutaki daktari, wataka mkubwa wao. Nikaona kweli, jino hili la thamani, nalipeleka kwa mkubwa wao. Nikavaa buibui langu jema, shoga yangu akavaa lake, tukaenda Mombasa.

Tukaingia pahali baridi, viti laini, na kila kiti kimekaliwa na msichana wa shule mwenye waya kwenye meno. Mimi na shoga yangu tu ndio wazee. Kidosho mmoja aliyekaa kando yangu akanitazama, akashindwa kujizuia.

"Shikamoo bibi. Na wewe waja kutiwa waya?"

"Marahaba. Ndiyo mwanangu, nimepata mchumba, ataka meno yaliyonyooka."

Akacheka mpaka waya zote zikaonekana. Shoga yangu akanifinya.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, amenyoa vizuri. Akaniangalia kinywani muda mfupi tu, akavua glavu.

"Mama, mimi kazi yangu ni kunyoosha meno yaliyopinda. Lako halikupinda. Lako lina maradhi kwenye mzizi. Ni daktari gani aliyekuelekeza kwangu?"

"Huyu," nikasema. Shoga yangu akaanza kutazama dari.

"Daktari wa meno wa kawaida alikuona kwanza?"

"Hapana. Nilimtaka mkubwa wao."

Hakucheka, na kwa hilo nimemwekea heshima. Akasema, "Hakuna mkubwa wao, mama. Sisi wataalamu kila mmoja amejifungia chumba kimoja cha nyumba. Yupo wa kunyoosha, yupo wa mizizi, yupo wa fizi, yupo wa kupasua taya, yupo wa watoto. Anayejua nyumba nzima ni yule wa kawaida. Anzia kwake. Yeye ndiye atakayejua kama unamhitaji mmoja wetu, na ni yupi."

Njiani nikafikiri. Mbona harusini twajua haya? Yuko wa pilau, yuko wa hina, yuko wa kumpamba bibi harusi. Ukimwendea wa hina ukamwambia nataka sinia la pilau, kosa la nani? Na juu yao wote kuna yule mama mmoja anayezunguka, anajua nani yuko wapi na nini kimepungua. Huyo ndiye niliyemruka.

"Nisamehe," shoga yangu akasema.

"Sikusamehe. Lakini mchumba nitamkataa, waya sina."

Siku ya pili nikaenda Malindi. Daktari wa meno nikamkuta binti mdogo, Mgiriama wa huko Adu, sauti yake ya taratibu. Alinisalimu shikamoo, kisha akaniita "Hawe," ndivyo wao wanavyomwita bibi kwao, na mimi nikapenda. Huyu hakukimbilia jino. Aliniuliza sukari, presha, dawa ninazomeza. Akanitazama ulimi, mashavu, meno yote mpaka ya nyuma niliyoyasahau. Akanigongagonga jino moja moja kwa mpini wa chuma chake. Akachukua pamba yenye baridi kali, akaigusisha jino la kando, nikaruka kitini. Akaigusisha lile la chai. Kimya. Sikusikia kitu.

"Limekufa, Hawe."

"Limekufa na limesimama?"

"Mnazi ukipigwa na radi huanguka siku ile ile? Husimama. Lakini ndani hauna uhai. Na hiki kijipu ni uchafu wa ndani unaotafuta njia ya kutoka."

Akanipiga picha ya eksrei, akanionyesha. Mzizi ulikuwa imara, mfupa bado umeukumbatia. Akasema likisafishwa ndani na kuzibwa linaweza kukaa miaka.

"Wewe waweza?" nikamuuliza. "Au niende kwa mtaalamu?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, hakujibu kwa haraka ili anifurahishe. "Meno ya mbele nayatibu mwenyewe, sipeleki mtu Mombasa. Mzizi wake huwa mmoja, umenyooka. Lakini la kwako ona hapa." Akanionyesha mstari mwembamba ndani ya mzizi, kama uzi, halafu uzi ukapotea. "Jino lililopigwa zamani, njia yake ya ndani hujiziba kidogo kidogo. Nitajaribu. Nikifika pahali nikaona nalazimisha, nitasimama. Nikilazimisha nitatoboa mzizi, na hapo jino halina dawa tena."

Nikamweleza habari ya herufi. Nilimtolea thee, dhali na dhaa pale pale, mdomo umefura, akainamia karibu kutazama ulimi unagusa wapi. Yeye ni mtu wa kanisa, hana haja na thee yangu, lakini alitazama kama mtu aliyeonyeshwa chombo kigeni. "Kumbe hili ni jembe lako," akasema.

Alinipa dawa, uvimbe ukapungua, nikarudi kwa siku aliyonipangia. Sindano ya ganzi, mdomo ukawa si wangu. Akatoboa nyuma ya jino, akaanza kuingiza visindano vyembamba, polepole, anapima, anapiga picha, anaingiza tena. Mwishowe akaweka vyombo chini.

"Hawe, nimefika nusu. Mbele siioni njia. Nasimama."

Akanieleza bila kuzunguka: anaweza kuling'oa leo, na kidonda kikipona nitiwe la bandia, au aliwekee dawa, alifunge kwa muda, niende kwa mtaalamu wa mizizi Mombasa, ambaye ana vyombo vya kuona ndani asivyokuwa navyo yeye. Wala hakunificha kwamba hata huko linaweza kukataa.

Nikampigia binti yangu simu. "Mama," akasema, "si ushakaa kitini? Ganzi unayo? Basi ling'olewe sasa hivi, yaishe. Mombasa tena, ukarudi na hadithi nyingine ya waya?"

Na mimi nitasema kweli, nilitaka yaishe. Nilikuwa nimechoka, taya limekaza, na kung'oa ni dakika moja. Nikataka kumjibu binti yangu, nikasema maneno mawili, nikajisikia. Mdomo umekufa ganzi, pumzi inapita ovyo. Nikaacha alilokuwa akiniuliza, nikajaribu thee. Ikatoka upepo. Nikajaribu tena. Upepo. Ile sauti naijua. Ni ya mwalimu wangu, miaka yake ya mwisho, amekaa mkekani na mimi nimemletea uji, na watoto mbele yake wanaitikia sii, sii, sii, na yeye mwenyewe anasikia, na hana la kufanya. Nilimwona machozi siku hiyo. Sikupata kumwambia mtu.

Nikamwambia binti yangu, "Chemsha chai, nakuja." Nikakata simu. Kwa daktari nikasema, "Funga. Naenda Mombasa."

Akaandika barua, akaitia na picha, kisha akampigia simu mtaalamu mwenyewe mbele yangu, akamweleza amefika wapi na amesimama kwa nini. Hakuona haya. Mimi nimeishi na mafundi wengi, wa nyumba, wa cherehani, wa majiko. Wanaokwambia "hapa mwisho wangu" ni wachache sana. Wengi hukuharibia kwanza.

Shoga yangu akataka kunisindikiza tena. "Safari hii ni abiria tu," akasema, "sitasema neno." Na hakusema, mpaka tulipofika mlangoni akaniuliza polepole, "Umehakikisha ni wa mizizi?"

Huyu wa mizizi alikuwa mtu wa maneno machache kama mwenye swaumu. Akanifunika kinywa chote kwa kipande cha mpira, jino langu peke yake likachungulia kwenye tundu. Nikajisemea, kweli huyu hana habari na jino la pili. Akavuta darubini kubwa yenye mkono mrefu, akainamia, ndiyo basi. Hakuniuliza wajukuu, hakuniuliza kwetu. Nilisoma Yasini moyoni mara saba, ya nane nikiwa katikati nikamsikia akasema, "Nimeipata." Neno moja. Shoga yangu kule nje anasema alinisikia nikiitikia alhamdulillahi kwa ndani ya mpira.

Akanionyesha picha: ule uzi sasa ulikuwa mweupe, umejaa mpaka ncha ya mzizi. Akasema, "Kazi yangu imekwisha. Jino limebaki kavu, lavunjika upesi. Rudi kwa daktari wako Malindi alifunike." Nikamwuliza litakaa muda gani. Akasema hajui, ila atashangaa likitoka mapema. Nikamshukuru kwa kutoniahidi pepo.

Kijipu kikakauka, ufizi ukafunga. Lakini wazazi sasa walikuwa wamenichoka. Mama mmoja alinisimamisha nikitoka dukani: "Mwalimu, mwanangu mwezi mzima yuko tee. Kuna madrasa nyingine, wenzake wamefika mbali."

"Mpeleke."

Akashtuka. "Sikusema hivyo."

"Basi ngoja. Akikosea hapa atakosea mpaka kaburini, na mimi ndimi nitakayeulizwa."

Hakumpeleka.

Nikarudi kwa daktari wangu Malindi kulifunika jino. Alitengenezesha kifuniko cha rangi ile ile ya meno yangu, si nyeupe ya kuchekesha. Akakiweka kwanza bila kukigandisha, akanipa kioo. "Kizuri?"

"Kioo sikitaki. Nyamaza kidogo." Nikasema thee. Ikatoka nzito, kama mtu anayesema na kipande cha embe kinywani. "Ni kinene huku nyuma, ulimi hauna pa kukaa."

Akakitoa, akakisaga kidogo, akakirudisha. "Sema."

"Thee. Bado. Dhali. Dhali iko sawa. Thee bado."

"Wapi?"

"Hapa, ncha. Ulimi unateleza."

Akasaga tena. Msaidizi wake aliacha kazi yake, akaja kusimama. Wagonjwa wa nje bila shaka walidhani bibi kapandisha mashetani, maana sauti ilikuwa ni thee, thee, thee, na daktari mwenyewe, yule binti wa kanisa, alianza kuisema pamoja nami ili ajue ulimi unataka nini. Ya kwake ilikuwa safi. Nikamwambia, "Ungekuja kwangu mdogo ungehitimu." Mara ya nne akakirudisha, nikaisema.

"Je, Hawe?"

"Gandisha hicho hicho. Usikiguse tena."

Siku ya pili baada ya alasiri nikatandika mikeka mwenyewe. Binti yangu akakaa nyuma na watoto, sikumwita, alikuja tu. Wakaimba alifu, bee, tee, na kwa mazoea wakataka kurudi nyuma. Nikanyanyua mkono.

"Leo hapana. Nitazameni kinywa. Ulimi huu hapa, meno haya hapa. Mmeona? Thee."

"Thee!" Wakanirushia mate mpaka usoni. Nilifurahi kwa kila tone. Nikawapitia mmoja mmoja, kidevu kwa kidole, thee, thee, vizuri, thee, toa ulimi zaidi, hiyo. Nikafika kwa yule wa mama wa dukani, mtoto wa kike wa miaka sita, macho makubwa.

"Haya, wewe."

"Sii."

"Ulimi, mama. Ulimi na meno."

"Sii!"

Nikamfungua mdomo. Meno ya mbele yote mawili ya utoto yametoka, pengo tupu kama mlango wa uwanja. Binti yangu kule nyuma alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamcheza.

"Yametoka lini haya?"

"Juzi, mwalimu."

Nikamvuta nikamkalisha kando yangu, ubavuni. "Wewe sikiliza tu, usiseme. Yako yanaota."